Umebadilisha magurudumu, taa ya upepo imekataa kuzimika: usiizibe

Magari ya stima yameanza kuonekana mojamoja huku kwetu Pwani. Nairobi ilitangulia. Teksi za umeme za NopeaRide zilianza kupita mjini humo mwaka 2018, na ingawa kampuni hiyo ilifunga milango mwaka 2022, watu walikuwa wameshaonja utamu wa gari lisilopita petroli. Mwenye mfuko wa kawaida akitaka lake, aghalabu huangukia Nissan Leaf iliyotumika, kutoka Japani au Uingereza. Na likishafika nyumbani, moja ya mambo ya kwanza anayoyafikiria ni kubadilisha magurudumu.

Siwezi kumlaumu. Anayeishi Mambrui au anayepanda Marafa kila wiki ataka tairi nene kidogo, gari liinuke, lisisugue tumbo. Mwingine rimu zake zimepinda kwa mashimo. Mwingine ana jamaa Dubai aliyemtumia rimu za kupendeza ndani ya kontena. Na kijana naye, bila shaka, ataka gari lipendeze siku ya arusi.

Gari huvalishwa magurudumu mapya, likatoka gereji linang'aa. Baada ya mwendo mfupi tu, kwenye dashibodi huwaka taa ya manjano yenye umbo la bakuli lililo wazi juu, na ndani yake alama ya mshangao. Mwenye gari hushuka akapima upepo, akakuta uko sawa. Huzima gari akawasha, taa iko palepale. Hurudi kwa fundi, naye humwambia, "Ami, hiyo haina neno, izibe na kipande cha karatasi uendelee."

Nimeulizwa habari ya taa hii na watu zaidi ya mmoja, na jibu la kuziba nimelisikia mara nyingi kuliko jibu lingine lolote. Leo nataka nieleze kwa utaratibu taa hii ni ya nini, kwa nini huwaka baada ya kubadilisha magurudumu, na la kufanya ni lipi. Kwani mara nyingi tatizo ni dogo na lina dawa. Ila ukiliacha, siku upepo utakapopungua kweli hutakuwa na wa kukwambia.

Taa hii ilikotoka

Mwaka 2000 huko Marekani kulitokea msiba mkubwa wa matairi. Matairi ya Firestone, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, yalikuwa yakichanika barabarani gari likiwa kwenye kasi, na magari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walihusishwa na vifo hivyo, na mamilioni ya matairi yakarudishwa kiwandani. Mojawapo ya mambo yaliyojadiliwa sana ni kwamba tairi lenye upepo haba hupata joto jingi, na joto ndilo huliua tairi. Mwaka huohuo bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa liwe na chombo cha kumwonya dereva upepo ukipungua. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya huko lina chombo hicho, Uingereza ikiwemo.

Japani haikuweka sharti hilo kwa magari madogo ya watu binafsi. Ndiyo sababu Leaf mbili zinaweza kuegeshwa ubavu kwa ubavu pale Malindi, rangi moja, mwaka mmoja, na moja ikawa na taa hii huku nyingine haina kabisa. Iliyotoka Uingereza aghalabu inayo, na ya Japani aghalabu haina. Kwa hivyo kabla hujaulizana na jirani yako kwa nini lake haliwaki taa, ulizaneni kwanza magari yenu yametoka wapi.

Gari hujuaje upepo umepungua?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kuhesabu mizunguko. Tairi likipungukiwa na upepo hubonyea kidogo, na likibonyea hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake ili kwenda mwendo uleule. Vipimo vya breki za ABS huhesabu mizunguko hiyo, na kompyuta ikiona gurudumu moja lawapita wenzake, huwasha taa. Gari la aina hii halina kitu chochote ndani ya tairi. Ukibadilisha matairi au ukijaza upepo upya, wapaswa kuliambia lianze kujifunza upya, kwa kitufe au kupitia menyu ya kwenye skrini. Usipoliambia, litalinganisha matairi mapya na kumbukumbu za matairi ya zamani, kisha lilalamike. Na angalia: ukilibonyezea kitufe hicho wakati matairi yana upepo haba, litaamini kwamba huo haba ndio sawa.

Njia ya pili ndiyo yenye mashaka zaidi. Ndani ya kila gurudumu, nyuma ya valvu ya kujazia upepo, kumefungwa sensa ndogo ya kutosha kiganjani. Ina betri yake, ina kipimo cha upepo na cha joto, na ina redio ndogo. Gari likisimama sensa hulala ili isimalize betri. Magurudumu yakianza kuzunguka huamka na kutuma habari: mimi ni fulani, upepo wangu ni huu. Tunaokaa karibu na Ngomeni tumezoea kuona antena zinazosikiliza setilaiti zilizo juu mbinguni. Gari lako nalo lasikiliza magurudumu yake vivyo hivyo, tofauti ni kwamba hapa masafa ni ya hatua mbili tu.

Neno la kushika hapo ni "fulani". Kila sensa ina namba yake isiyofanana na nyingine, na gari limehifadhi namba nne tu. Ni lazima iwe hivyo. Ingekuwa kila sensa inasikilizwa, ungesimama kwenye foleni ya Mtwapa na gari lako likaanza kukusomea upepo wa gari la jirani.

Kwa nini magurudumu mapya hukataliwa

Sasa mambo yatafahamika. Magurudumu mapya yakivalishwa, kuna moja kati ya mambo haya yaliyotokea.

La kwanza, rimu mpya hazina sensa kabisa. Fundi amefunga valvu za kawaida za mpira, na sensa zako za zamani zimebaki kwenye rimu zilizouzwa au zilizotupwa nyuma ya gereji. Gari linaita na hakuna wa kuitika.

La pili, sensa zimo lakini gari haliwajui hao wageni. Namba zao hazimo kwenye daftari lake. Magari mengine hujifunza yenyewe ukiyaendesha kwa muda, kama Tesla. Mengine, na Nissan nyingi zimo humo, huhitaji fundi mwenye mashine ndogo ya kuamsha sensa na kuziandikisha namba mpya kwenye kompyuta ya gari.

La tatu, sensa zimo na zinasema, lakini kwa masafa mengine ya redio. Magari ya soko la Marekani mengi hutumia megahezi 315, na ya Ulaya 433. Hapa ndipo rimu za Dubai huleta maneno, maana kule kuna magari mengi yaliyoundwa kwa ajili ya Marekani. Rimu inaingia vizuri, boliti zinakubali, na bado gari halisikii kitu. Ni kama kutega redio kwenye stesheni isiyo na mtangazaji. Tesla nazo zina lao: zilizotengenezwa karibuni zimehamia Bluetooth, kwa hivyo sensa za Model 3 ya mwaka 2019 hazitasikilizana na Model 3 ya mwaka 2022, hata magurudumu yakiwa yanafanana kama mapacha.

La nne, betri za sensa zimekufa. Hili kwetu ndilo kubwa. Betri hiyo huishi miaka 5 hadi 10, na imefunikwa ndani ya gundi ngumu, hivyo ikiisha hununuliwa sensa nzima. Kenya nayo huruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wanunuzi wengi, kwa sababu ya bei, huchukua lililokaribia mpaka huo. Fanya hesabu mwenyewe. Gari linashuka bandarini Mombasa likiwa na sensa zilizo uzeeni. Huenda zingekufa mwezi huohuo hata usingegusa magurudumu, lakini kwa kuwa ulikuwa gereji wiki iliyopita, fundi ndiye atakayelaumiwa.

La tano ni ajali ya mkono. Sensa imekaa palepale ambapo chuma cha kuvulia tairi hupenda kuanzia kazi. Fundi wa pancha asiyejua kwamba imo, akipiga chuma karibu na valvu, ameivunja. Na hawezi kuiona mpaka tairi livuliwe tena.

Taa yenyewe husaidia kutofautisha. Katika magari mengi, ukiwasha gari na taa ikawaka moja kwa moja bila kupepesa, maana yake upepo umepungua kweli. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kisha ikatulia ikiwaka, gari linasema chombo chenyewe kina hitilafu, halisikii sensa. Watu wengi hawajui tofauti hii, na huishia kujaza upepo juu ya upepo kutibu maradhi ambayo tairi halina.

Chumvi yetu haina huruma

Hili vitabu vya magari vya Ulaya hulitaja kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Sisi chumvi yetu hutoka baharini, na hukaa mwaka mzima. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hahitaji kuelezwa inavyokula chuma.

Shina la valvu yenye sensa mara nyingi ni aluminiamu. Fundi akiingiza ndani yake ile sindano ya kawaida ya shaba, metali mbili tofauti zikikutana na unyevu wa chumvi huanza kulana. Baada ya miezi sindano hunata, ukiizungusha kwa nguvu shina hukatika, na upepo wote hutoka kwa mkupuo. Kofia za valvu za chuma zinazong'aa hufanya vivyo hivyo. Dawa ni rahisi: omba sindano iliyopakwa nikeli, na rudisha kofia za plastiki. Kofia ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayozuia mchanga na chumvi, kwa hivyo usikubali kuondoka gereji bila zote nne.

Tahadhari nyingine ni gundi ya pancha, ile ya chupa inayomiminwa ndani ya tairi. Magari mengi ya stima hayana spea, huja na chupa hiyo na pampu ndogo. Gundi inaweza kuziba tundu la sensa. Ukiitumia ukiwa njiani si kosa, dharura ni dharura, lakini fundi atakayevua tairi baadaye mwambie, aisafishe sensa na rimu.

Kwa nini gari la stima halitaki mzaha

Mtu atasema, baba zetu waliendesha Peugeot bila sensa wakafika. Ni kweli, na walikuwa wakipiga tairi teke kila asubuhi. Lakini gari la stima lina mambo yake.

Kwanza ni uzito. Betri ya Leaf peke yake ni takriban kilo 300, na gari zima likiwa tupu hukaribia au kupita kilo 1,500. Tia watu watano na mizigo, unakaribia 2,000. Tairi lake la kawaida ni 205/55 R16 lenye namba 91 ubavuni, na namba hiyo maana yake ni kwamba kila tairi limeundwa kubeba hadi kilo 615. Ukivalisha tairi lenye namba 82, kila moja labeba kilo 475, na yote manne ni kilo 1,900. Umeshazidisha mzigo hata kabla hujatoka Malindi. Kwa hivyo unapochagua matairi usitazame ukubwa wa rimu peke yake, soma na namba hiyo.

Pili ni kiwango cha upepo. Wengi wa mafundi wetu wana mkono wa 30, kila gari 30. Leaf nyingi hutaka 36, na baadhi ya Tesla Model 3 huandikwa 42. Kiwango chako kimebandikwa kwenye karatasi iliyoko ukingoni mwa mlango wa dereva, na hicho ndicho cha kufuata. Kumbuka pia kwamba taa haiwaki upepo unapoanza kupungua. Kanuni ya Marekani huruhusu ingoje mpaka upungue kwa asilimia 25. Kwa tairi la 36 hiyo ni 27. Ukianza na 30 ya fundi, tayari uko katikati ya njia ya kuelekea kwenye hatari, na taa bado imenyamaza.

Tatu ni mwendo. Tairi lenye upepo haba hukokota, na stima huisha mapema. Mwenye petroli atasimama Kilifi aongeze. Wewe vituo vyako vya kuchaji ni vya kuhesabu, na Mombasa ni karibu kilomita 120.

Nne, hili si la sensa lakini hutokea saa ileile ya kubadilisha magurudumu: betri ya gari imelala chini ya sakafu. Jeki ikiwekwa mahali pasipo pake yaweza kuibonyeza. Simama hapo umwonyeshe fundi sehemu za kuinulia, zimeelezwa katika kitabu cha gari.

Hila za gereji

Kuziba taa kwa karatasi ni hila ya kitoto. Iko ya wakubwa: sensa nne hutiwa ndani ya bomba la plastiki, bomba likazibwa na kujazwa upepo, kisha likafichwa ndani ya buti. Gari husikia sensa zake, husoma upepo uko sawa, taa huzima. Matairi yenyewe yaweza kuwa hayana kitu, na gari litaapa kwamba mambo ni shwari.

Anayejifanyia mwenyewe anajidanganya, shauri yake na familia yake. Lakini gari huuzwa. Atakayelinunua ataona dashibodi safi, atapakia wanawe aende Lamu, na kule katikati ya Garsen na Witu hatakuwa na onyo lolote. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba mwenye kuuza kitu chenye kasoro aitaje kasoro yake, na kuificha ni ghishi. Taa iliyozibwa ni kasoro kama kasoro nyingine. Ukishindwa kuitengeneza, mwambie mnunuzi wazi kwamba sensa hazifanyi kazi, aamue mwenyewe.

Fanya hivi

Kabla ya kubadilisha, jua gari lako ni la aina gani. Likikuonyesha namba ya upepo ya kila tairi, karibu yakini lina sensa ndani. Usitegemee umbo la valvu peke yake, kwani zipo sensa zenye valvu za mpira.

Magurudumu ya zamani yakiwa bado yapo garini, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma sensa, na mwambie aandike namba zote nne. Hilo ndilo jambo la faida kuliko yote. Zipo sensa mpya zinazoweza kuandikwa namba ya zamani, na gari likazipokea bila kujua kwamba wamebadilika. Zile za zamani zikishapotea, umepoteza na nafasi hiyo.

Sensa za zamani zikiwa nzima na hazina umri mkubwa, zihamishie kwenye rimu mpya, kwa mpira na nati mpya za valvu. Zikiwa na miaka 7 au 8, nunua mpya wakati tairi limeshavuliwa, usije ukalipa kazi ileile mara mbili. Na unaponunua, taja aina ya gari, mwaka, na nchi lilikotoka, ili upate masafa yanayofaa.

Baada ya kazi, jaza upepo kwa kiwango cha mlangoni asubuhi matairi yakiwa baridi, maana joto huongeza upepo, kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Kisha endesha. Sensa huamka kwa mwendo, haziamki gari likiwa limeegeshwa. Nenda Gede na kurudi, bila kuyabeba magurudumu ya zamani ndani ya gari, kwani sensa zake zikiwa hai zaweza kulichanganya. Ukirudi na taa bado inawaka, ndipo urudi kwa fundi mwenye mashine.

Na kama pesa za sensa hazijapatikana, nunua geji ya mkono. Pima matairi yote manne kila wiki, na pima kila unapotaka kwenda safari ya mbali. Geji haitakuonya ukiwa barabarani, lakini ni bora mara mia kuliko karatasi juu ya taa. Ile taa iache iwake mpaka utakapoitibu, ili kila atakayeingia kwenye gari hilo ajue kwamba kupima upepo ni juu yake.